Wasomaji Wanauliza: Samadi, Magome na Mafuta Kwenye Kuta za Udongo

Barua za toleo hili zinafanana kwa jambo moja. Karibu kila msomaji ameshaongeza kitu kwenye udongo wake, iwe samadi, unga, mafuta au hata damu, kisha akashangaa mbona ukuta haukusikia dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Ugonjwa ndio haukutambuliwa. Viungo vinavyotokana na mimea na wanyama hufanya kazi nne tofauti. Nyuzi huzuia nyufa zisitanuke. Gundi hushikamanisha chembe. Mafuta hufukuza maji. Tanini, kitu kikali kinachopatikana kwenye magome ya miti, hulegeza mfinyanzi (ile sehemu ya udongo inayonata) ili ukandike kwa maji machache. Samadi inagusa kazi tatu kati ya hizo kwa mpigo, ndiyo maana inasifiwa sana, na ndiyo maana inatupiwa lawama zisizo zake.

SWALI: Nimepiga lipu ya udongo na samadi ndani ya vyumba viwili, ikapasuka kama ardhi ya kiangazi. Nikarudia nikiwa nimeongeza samadi mara mbili, nyufa zikazidi. Nimekosea wapi?
Mama wa Vyumba Viwili

JIBU: Nyufa zako hazitokani na uhaba wa samadi. Mfinyanzi ni vijibamba vidogo mno vilivyolaliana, na maji hujipenyeza kati yake na kuvitenganisha. Maji yakikauka, vijibamba vinasogeleana na udongo wote unasinyaa. Ukuta ulio nyuma hausinyai, kwa hiyo lipu inakatika. Mfinyanzi ukiwa mwingi, au maji ya kukandia yakiwa mengi, kusinyaa kunazidi. Samadi uliyoongeza ilikuja na maji yake, na bila shaka ulitia mengine ili ipakike vizuri. Ulikuwa unaongeza kilekile kinachosinyaa.

Kinachopunguza kusinyaa ni mchanga. Chukua chupa ya kioo iliyonyooka, weka udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu kisha uiache mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, chembe za kati zilizo laini kama unga zinafuata kwa saa moja au mbili, na mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Chupa hii inakupa picha ya jumla tu, kwa sababu mfinyanzi uliojaa maji huonekana mwingi kuliko ulivyo. Uamuzi wa kweli unafanyika ukutani.

Chekecha udongo kwenye wavu wa milimita 5. Andaa michanganyiko mitatu: ndoo 1 ya udongo kwa ndoo 1 ya mchanga, 1 kwa 2, na 1 kwa 3. Paka kila mmoja kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita la ukuta uleule unaotaka kuupiga lipu, unene wa sentimita 1.5, uache ukauke kabisa. Wenye mfinyanzi mwingi utapasuka. Wenye mchanga mwingi utatoa unga ukiupangusa kwa kiganja. Unaoutaka ni ule wenye mchanga mchache zaidi kati ya ile isiyopasuka. Mchanga uwe wa chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika. Mchanga wa chembe za ukubwa mmoja, hasa ule mduara wa ufukweni, huacha matundu mengi na huenda ukawa na chumvi.

Ukishapata uwiano huo ndipo viungo vinaingia. Kwa kila ndoo 4 za mchanganyiko, weka ndoo 1 ya samadi mbichi na ndoo 2 za majani makavu yaliyokatwakatwa urefu wa sentimita 2 hadi 3, yakiwa yamejazwa bila kushindiliwa. Majani ndiyo yanayokamata nyufa kubwa. Nyuzi za samadi ni fupi mno kwa kazi hiyo. Zinazuia nyufa za uzi tu. Tabaka la kwanza liwe la sentimita 1.5 hadi 2, likwaruze kabla halijakauka ili la pili lipate pa kushika, kisha subiri likauke kabisa. La pili liwe la milimita 3 hadi 5, la udongo uliochekechwa kwa wavu wa milimita 2 au 3, na hapo samadi inaweza kuongezwa hadi ndoo 1 kwa ndoo 2 za mchanganyiko.

Usipake kwenye ukuta mkavu wenye vumbi. Upige brashi, uunyunyizie maji jioni, rudia tena nusu saa kabla ya kuanza. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu kwa ghafla, lipu ikashika juujuu. Baada ya wiki ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu. Hilo si tatizo la nyufa na halitibiwi kwa majani. Bandua, lowesha, anza upya.

SWALI: Samadi iwe mbichi au kavu? Iozeshwe siku ngapi? Na ya mbuzi inafaa?
Fundi Chipukizi

JIBU: Mbichi, ya ng'ombe anayekula majani zaidi kuliko vyakula vya kunenepesha. Iliyokaukia juani na kusagwa inakupa nyuzi tu, na nyuzi unaweza kuzipata kwa urahisi zaidi kwenye majani. Siri ya samadi iko kwenye zile chembechembe laini zisizoonekana kwa macho: mabaki ya vijidudu vya tumboni yenye mafuta, ambayo udongo ukikauka hutanda juu ya mfinyanzi na kuyakatalia maji yasipenye upesi. Samadi ikishakauka kabla ya kuchanganywa, sehemu hiyo inagandamana na haisambai tena vizuri ndani ya tope. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kutumia samadi ya zizi moja, mmoja akapata lipu inayovumilia mvua na mwingine akapata lipu yenye nyasi ndani.

Namna ya kuiozesha: changanya samadi na udongo uliochekechwa, si samadi peke yake, na maji ya kutosha uwe kama uji mzito. Funika kwa turubai au gunia bichi. Koroga kila siku. Siku 3 zinatosha kuona mabadiliko, wiki 1 hadi 2 ni nzuri zaidi. Utaona tope linanata na kuteleza, rangi inaelekea kijivu au kijani cheusi, na harufu inakuwa kali. Harufu haikwepeki, waarifu majirani mapema. Lipu ikikauka inaondoka.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Wanasikia kwamba tope lazima lichachuke, basi wanatia kila kitu shimoni, majani ya nyuzi nayo yakiwemo, na kuyaacha wiki tatu. Samadi inafaidika, majani yanaoza na kukatika ukiyavuta kwa vidole. Tenganisha kazi. Kinachotakiwa kutoa gundi kiingie mapema; kinachotakiwa kuwa uzi kiingie siku moja au mbili kabla ya kupaka. Katika msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya mwaka 1907 na kupigwa lipu upya karibu kila mwaka, makapi ya mpunga huachwa yaoze kwenye tope kwa muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu pale kazi ya makapi ni kutoa ute.

Samadi ya farasi ina nyuzi ndefu na ute mchache: nzuri kwa tabaka la kwanza. Ya mbuzi na kondoo hutoka ikiwa gololi kavu. Ni lazima uilowanishe siku mbili tatu na kuiponda, na bado haifikii ya ng'ombe. Ya kuku usiiguse. Ina chumvi nyingi, na chumvi itaota ukutani kama unga mweupe na kubandua uso wa lipu.

Kuhusu afya: samadi inaweza kubeba vimelea vya pepopunda na vya kuharisha. Vaa glavu na mabuti, usikanyage tope kwa mguu wenye jeraha, hakikisha chanjo yako ya pepopunda iko hai, na watoto wasiachwe wacheze shimoni hata kama ndiyo sehemu wanayoipenda.

SWALI: Nafyatua matofali mabichi ya kukausha. Mengi yanavunjika katikati nikiyabeba. Niweke majani kiasi gani, na mchwa je?
Mfyatuaji

JIBU: Ndoo 1 ya majani yasiyoshindiliwa kwa ndoo 3 za udongo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kata yawe na urefu wa sentimita 8 hadi 12. Yasizidi upana wa kalibu, la sivyo yatajikunja na kuacha matundu pembeni. Mabua ya ngano, mpunga au shayiri yanafaa, nyasi ngumu zilizokauka zinafaa, majani mabichi hayafai. Nyuzi za mkonge zina nguvu kuliko zote hizo: kilo 1 kwa kila kilo 100 hadi 200 za udongo mkavu, zikatwe sentimita 3 hadi 5 na kutawanywa kwa mkono kidogokidogo huku mwenzako akikoroga. Ukizimwaga kwa mara moja zitajifunga kama mpira wa nywele, na pale zilipojifunga ndipo tofali litakapokatikia.

Wasomaji wengi hudhani kwamba majani huongeza uwezo wa tofali kubeba mzigo. Mara nyingi sivyo. Tofali lenye majani mengi kupita kiasi ni jepesi na hubonyea mapema zaidi. Faida yake ni nyingine: linakauka kwa usawa kwa sababu unyevu hutoka ndani kwa kufuata vijiti vya majani, halipasuki likikauka, na likizidiwa linapinda na kutoa ishara badala ya kukatika ghafla. Kwa hiyo usizidishe ukidhani unaongeza nguvu.

Matofali yako kuvunjika katikati kunaweza kusitokane na kiungo chochote. Tazama jinsi unavyoyakausha. Siku 2 au 3 za kwanza yalale chini ya kivuli au yafunikwe kwa nyasi, kisha yasimamishwe kwa ubavu hewa izunguke pande zote, na yakae wiki 4 kabla ya kujengea. Tofali lililoachwa juani tangu saa ya kwanza hukauka uso huku tumbo likiwa bado bichi; uso unasinyaa, tumbo linakataa, ufa unaanzia hapo.

Mchwa hufuata unyevu kwanza, chakula baadaye. Majani yaliyozungukwa na mfinyanzi mkavu hayawavuti sana. Mistari ya chini ya ukuta, hadi sentimita 30 kutoka kwenye msingi, jenga kwa matofali yasiyo na majani, na msingi wenyewe uwe wa mawe au kitu kisichonyonya maji.

Kama unatumia mashine ya kushindilia matofali, au unashindilia ukuta wa udongo ndani ya mbao, usitie majani marefu kabisa. Yakibanwa hujikunjua mara mashine inapoachia, na tofali linatoka likiwa limekatika kwa matabaka.

SWALI: Nimesikia kuna ukuta wa udongo unaong'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta na maji hayaingii, kazi yote ikiwa imefanywa na maganda ya mti. Ni kweli?
Msomaji wa Muda Mrefu

JIBU: Ni kweli, ingawa "hayaingii" ni kutia chumvi. Wakasena wa Burkina Faso na Ghana hupaka kuta zao zilizochorwa kwa maji yaliyochemshwa na maganda ya tunda la mti wa nere, Parkia biglobosa. Nyumba za Tiébélé ndizo zinazojulikana zaidi. Kinachofanya kazi ni tanini, kitu kilekile kinachotumika kulainisha ngozi na kinachoifanya chai kali ikaushe ulimi. Huhitaji mti wa nere. Magome ya mkoko, ya muwati na ya aina nyingi za migunga yana tanini nyingi.

Tanini inafanya mambo mawili, na inafaa kuyajua yote mawili maana yanatumika kwa namna mbili. La kwanza: inajibandika kwenye kingo za vijibamba vya mfinyanzi na kuvifanya visukumane badala ya kushikana. Tope gumu linalegea bila kuongezewa maji. Jaribu mwenyewe: kanda donge la mfinyanzi liwe gumu kama unga wa chapati, tia vijiko viwili vitatu vya maji mazito ya magome, endelea kukanda. Litalegea mkononi kana kwamba umelimwagia maji. Maji machache maana yake ni kusinyaa kidogo na chembe kukaa karibu zaidi baada ya kukauka, yaani tofali zito na gumu. La pili: tanini hushikana na chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu na kutengeneza kitu cheusi kisichoyeyuka. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyohivyo. Ndani ya ukuta, kitu hicho hukaa kati ya chembe na maji ya mvua hayakitoi kirahisi.

Kutokana na hilo la pili utaelewa kwa nini jirani mwenye udongo mwekundu anafanikiwa na wewe mwenye udongo mweupe unabaki na ukuta wa kahawia tu. Udongo usio na chuma hufaidika na ile kazi ya kwanza, lakini haupati ile ya pili.

Namna ya kutayarisha: ponda kilo 1 ya magome makavu, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, kisha chemsha kwa moto mdogo saa 2 hadi 3 hadi maji yabaki nusu. Chuja kwa kitambaa. Yawe na rangi ya kahawia iliyoiva na ukali wa kukausha ulimi ukionja tone. Tumia sufuria ya alumini au ya udongo. Ukitumia chungu cha chuma tanini itamalizana na chungu, nawe utabaki na maji meusi yasiyo na kazi.

Kwa matofali, tumia maji hayo badala ya sehemu ya maji ya kukandia, na uongeze kwa tahadhari kwa sababu tope litalegea ghafla. Kwa kuta, paka kwa brashi mara 2 au 3 juu ya lipu iliyolainishwa kwa jiwe la mto ikiwa bado na unyevu kidogo, si ile iliyokauka na kutoa vumbi. Kila mara subiri mpako uliotangulia unyonywe. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua utahitaji kupakwa tena kila baada ya misimu michache. Hiyo si dosari ya kazi yako, ndivyo ulivyo.

SWALI: Nilitia uji wa unga kwenye lipu ya ndani. Ilishika vizuri lakini baada ya siku tano ukuta mzima umeota ukungu. Nifanyeje?
Mwenye Ukuta wa Kijani

JIBU: Ukungu umekula wanga wako. Fungua madirisha, weka feni kama ipo, acha ukuta ukauke hadi ndani, kisha piga brashi kavu huku umefunika pua na mdomo. Ukikauka kabisa ukungu haurudi, kwa sababu hauna maji.

Kwa kazi inayofuata, tengeneza hivi: koroga kikombe 1 cha unga mweupe kwenye vikombe 2 vya maji baridi hadi mabonge yaishe, mimina polepole kwenye vikombe 6 vya maji yanayochemka, koroga hadi uji uwe mzito na kuanza kung'aa badala ya kuwa mweupe. Huo mng'ao ndio dalili kwamba wanga umefunguka. Ukiuepua kabla ya hapo una unga uliolowa, wala si gundi. Usizidishe ndoo 1 ya uji kwa ndoo 10 za lipu. Wengi hutia mara mbili ya hapo, lipu inakuwa na ngozi ngumu juu ya mwili laini, na ngozi hiyo hubanduka. Uji utumike siku ileile. Kama chumba kinakauka taratibu, tia kijiko 1 cha chakula cha boraksi (unga mweupe wa dukani unaozuia ukungu) kwa kila lita 5 za uji, na uuweke mbali na watoto.

Uji wa unga ni wa ndani tu. Ukilowa unalainika tena. Kwa nje ute wa mpungate ni bora kidogo. Katakata mapande ya mpungate baada ya kuchoma miiba, yaloweke kwenye maji ya uzito sawa kwa siku 3 hadi 7 mpaka yawe na ute unaovutika, chuja, tumia badala ya maji ya kukandia. Kadiri unavyokaa unaharibika, usiuweke zaidi ya wiki.

SWALI: Sakafu yangu ya udongo niliipaka mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Mwezi wa pili sasa bado inanata, na vumbi lote la nyumba limeganda hapo. Itakauka lini?
Mwenye Sakafu

JIBU: Haitakauka. Mafuta ya mimea hayako sawa. Mengine yakikaa hewani huvuta oksijeni, molekuli zake zikashikana na kugeuka utando mgumu. Mengine hubaki mafuta milele. Wakemia hupima tofauti hiyo kwa namba ya iodini: ikiwa kubwa, mafuta hukauka vizuri. Mafuta ya kitani yana namba ya 170 hadi 200, nayo hukauka vizuri. Alizeti na soya, karibu 120 hadi 140, hukauka nusunusu na kwa uvivu. Mawese yako yana takriban 50, nazi takriban 10. Siagi ya shea nayo iko kundi la mawese. Inafukuza maji kwa kuwa ni mafuta, lakini haijengi utando, kwa hiyo inafaa kuchanganywa kidogo kwenye lipu, haifai kupakwa sakafuni.

Mwaga unga mkavu wa mfinyanzi au chokaa ya kuchorea juu ya sakafu, uache siku mbili unyonye, fagia, rudia hadi usishike tena. Kisha kwaruza milimita 5 za juu na upige tabaka jipya la udongo na mchanga. Ukipaka mafuta ya kitani juu ya mawese bila kukwaruza, nayo hayatakauka vizuri.

Tabaka jipya liachwe wiki 3 hadi 4. Kabla ya kupaka chochote, bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, iache usiku mzima. Asubuhi ukiona matone upande wa chini, subiri. Udongo wenye unyevu haunywi mafuta, na maji yaliyofungiwa chini yataisukuma ile ngozi ya juu.

Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa yakiwa yametiwa vikaushio. Mabichi yatachukua wiki nyingi. Yapashe kwa kuweka kopo ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mpako wa kwanza yawe matupu, sakafu itayanywa kama mchanga unavyokunywa mvua. Wa pili, sehemu 3 za mafuta kwa 1 ya tapentaini, kile kimiminiko cha kuzimulia rangi ya mafuta. Wa tatu nusu kwa nusu. Wa nne sehemu 1 ya mafuta kwa 3 za tapentaini. Siku moja au zaidi kati ya mpako na mpako. Baada ya kila mpako subiri nusu saa hadi saa, kisha pangusa kila tone lililobaki juu. Dimbwi dogo lililosahaulika litakuwa doa linalonata. Fungua madirisha na uzime kila moto, kwa sababu mvuke wa tapentaini huwaka upesi.

Na matambara. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto yenyewe kadiri mafuta yanavyovuta oksijeni, na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au uyazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Usiyaache kwenye kona "mpaka kesho".

Kuta za nje usizipake mafuta haya. Sakafu hukanyagwa na huhitaji ngozi. Ukuta huhitaji kutoa unyevu unaoingia kutoka ndani na chini. Ukiuziba, maji hukusanyika nyuma ya utando na uso wote hubanduka kwa vipande vipana.

SWALI: Je, nitie saruji kidogo pamoja na samadi ili niwe na uhakika?
Mwenye Wasiwasi

JIBU: Hapana. Sukari na vitu vingine vya mimea huchelewesha saruji kushika, wakati mwingine huizuia kabisa. Na saruji kidogo sana, chini ya asilimia 4 hivi, inaweza kuvuruga mshikamano wa mfinyanzi bila kuleta wake. Chagua njia moja.

Ndoa inayokubalika ni ya chokaa na maziwa. Chukua sehemu 5 za maziwa yaliyoganda yasiyo na mafuta, yaliyochujwa kwa kitambaa, na sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa ikiwa bado tope. Koroga bila maji. Ndani ya dakika chache mabonge yanayeyuka na kuwa gundi inayovutika. Hiyo ni kaseini, protini ya maziwa. Ipunguze kwa maji hadi iwe kama maziwa, paka ukuta wa ndani unaotoa vumbi mara 2 kwa mipako myembamba. Mpako mnene huvuta uso na kuubandua. Itumie ndani ya saa chache, na uvae miwani: chokaa huunguza macho. Maziwa yenye mafuta hayashiki.

SWALI: Damu, mayai, mkojo, molasi: kipi kinafaa?
Wasomaji mbalimbali

JIBU: Damu inafaa, ni protini kama kaseini na ilitumika sana kwenye sakafu, ila inahitaji kuwa mbichi na inaoza haraka, mwenye maziwa haihitaji. Mayai ni gundi nzuri kwa kipande cha mapambo, si kwa nyumba. Mkojo wa wanyama huleta chumvi pamoja na faida yake, na chumvi hiyo itakusumbua baadaye. Molasi hukaza lipu ya ndani ikiwa kavu, huyeyuka mvua ya kwanza ya nje, na huwavuta sisimizi.

SWALI: Nitajuaje kama kiungo nilichotia kimesaidia, au ni mawazo yangu tu?
Mwalimu wa Ufundi

JIBU: Tengeneza matofali 3 bila kiungo na 3 yenye kiungo, kutoka rundo moja la udongo, siku moja, kalibu moja. Yakaushe pamoja wiki 4. Bila yale matatu ya mwanzo huna cha kulinganisha, na hapo ndipo majaribio mengi hufa.

Kwa maji, fanya kipimo cha matone: egemeza tofali kwa mteremko wa nyuzi 27 hivi, yaani liinuke sentimita 1 kwa kila sentimita 2 za urefu wa chini. Ning'iniza chupa yenye mililita 100 za maji sentimita 40 juu yake, na uiachie utambi wa kitambaa ili yadondoke tone moja moja kwa muda usiopungua dakika 20 wala kuzidi 60. Pima kina cha shimo kwa kijiti chembamba. Shimo la milimita 15 au zaidi, tofali limeshindwa kwa matumizi ya nje. Kisha livunje na uone unyevu umepenya hadi wapi. Mara nyingi hapo ndipo samadi na tanini zinapojionyesha kuliko kwenye shimo lenyewe.

Kwa nguvu, weka tofali juu ya mengine mawili likiwa limeachwa hewani katikati, na mtu asimame juu yake taratibu. Kwa lipu, bandika utepe wa gundi ukutani, ikandamize, ibandue kwa mkupuo mmoja na uangalie vumbi lililobaki juu yake. Ukishapima kimoja, badilisha kiungo kimoja tu kwa jaribio linalofuata. Ukitia samadi, ute na tanini kwa pamoja na tofali likashinda, hutajua ni kipi cha kununua au kukusanya mwaka ujao.